Bastola Uliyoificha Chini ya Kanzu

Kwako Nassir, mwana wa ami yangu,

Mlio wenyewe wa risasi siukumbuki. Nadhani masikio yangu yalijifunga. Ninachokisikia mpaka leo ni ganda lake la shaba lilipoanguka juu ya mawe ya uchochoro, ting, likadunda, ting tena, kama kijiko cha chai kilichomponyoka mtu jikoni. Tangu siku ile mama hakorogi chai nilipo. Anaikorogea uani, ananiletea kikombe kimeshakorogwa.

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakwambia mapema, usije ukaichukulia barua hii kuwa ya majonzi. Naiacha wazi, aisome anayetaka, maana katika ukoo wetu maneno yote mazito husemwa milango ikiwa imefungwa, na mimi milango hiyo imenichosha.

Tumekulia nyumba moja. Baba yangu alipofariki, Ami, baba yako, alitupa mimi na mama chumba na ukumbi chini ya nyumba yake ya mjini. Nyinyi mlikaa juu, tukawa kama watoto wa tumbo moja mpaka watu wazima walipoamua kuwa tutakuwa mume na mke. Unawakumbuka bata mzinga wa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani? Uliwaogopa kuliko bakora. Kila alasiri ulisimama mlangoni kwake midomo imekuwa myeupe, magoti yamegusana, ukanisukuma mimi mbele: "Tangulia wewe, Samira. Bata hawali wanawake." Wenzetu walicheka mpaka wakakaa chini, na wewe ukacheka nao. Mtoto yule aliyeweza kujicheka mbele ya watu ndiye niliyekubali kuolewa naye. Sijui alikwenda wapi.

Najua alipoanza kupotea. Mlikuwa mmeshahamia Mbweni, nje ya mji. Siku moja baada ya magharibi waliingia watu wenye mapanga, wakamfunga Ami kwa shuka yake mwenyewe, wakampiga makofi, mtu mzima yule, wakachukua walichokitaka. Wewe ulikuwa jikoni, nyuma ya friji, ukabaki hapo mpaka walipoondoka. Hukumwambia mtu ila mimi. "Miguu ilinikataa, Samira," ulisema. "Nilikuwa namsikia baba, na miguu inanikataa." Nilikujibu kuwa hata yangu ingenikataa, na nilikuwa nasema kweli. Sikukudharau hata kidogo. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Ndipo ikaja habari ya bastola. Ulizunguka maofisini ukitafuta kibali, na jioni uliniletea simu nikusomee, kwa sababu Kiingereza cha mafundi wa silaha kilikuchosha. Nilisoma kama ninavyosoma kila kitu, mpaka mwisho. Nilikwambia ile ya silinda ni nadra kukwama hata ikilala kabatini mwaka mzima, lakini ni nene, itajichora chini ya nguo. Ile bapa, ya magazini, yaani kasha la risasi ndani ya mpini, inakaa vizuri kiunoni, ila inataka matunzo, na hewa yetu ya chumvi inakula chuma, kwa hiyo ifutwe na kupakwa mafuta kila mara. Nilikwambia usiiamini bastola mpya mpaka umeifyatua mara nyingi uwanjani, tena kwa risasi zile zile utakazotembea nazo. Nilikwambia triga isiwe nyepesi mno, mkono unaotetemeka usije ukafyatua bila kutaka. Na kubwa kuliko yote, ujizoeze kuitoa ukiwa umevaa nguo zako za kila siku.

"Nguo gani tena?" uliniuliza.

"Kanzu, Nassir. Ijumaa, mazishini, harusini. Utaitoaje chini ya kanzu?"

"Mwizi atanisubiri."

Tulicheka sote wawili. Ukaenda kufanya mazoezi bara ukiwa umevaa suruali ya jinzi na fulana, ukarudi na picha za karatasi za shabaha zilizotobolewa katikati, unazionyesha kama mtoto aliyefaulu.

Siku ya kuichagua tulivuka pamoja na mama mpaka Dar es Salaam. Mama alikaa kwenye kiti karibu na mlango wa duka, anavuta tasbihi, hataki hata kutazama kabatini. Muuzaji alipoona mimi ndiye ninayeuliza maswali, hii inakwama lini, ile inashika kutu wapi, alikutazama kwa huruma.

"Kaka, hapa umeposa mke au mkaguzi?"

"Vyote viwili," ukamjibu, tena kwa fahari, na mimi nikavimba kichwa. Tuliichagua ile bapa. Ilikuwa nzuri kwa kila kipimo tulichokijua. Katika kurasa zote nilizozisoma hakuna hata moja iliyouliza aliyeibeba atafanya nini siku akichekwa.

Sasa nije kwenye siku yenyewe, kwa sababu nasikia huko uliko unaisimulia kwa namna nyingine.

Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tunakwenda kwa shangazi kumpa habari ya siku ya harusi. Kanzu yako ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi ikanyooka kama karatasi. Nyuma yetu, kwenye uchochoro ule mwembamba, ikasikika sauti: "Simile! Simile, jamani!" Ilikuwa baiskeli ya muuza madafu, matenga yamejaa huku na huku. Mimi nikajibanza ukutani. Wewe hukujibanza. Tenga likakukwangua, likaacha mstari wa uchafu kutoka kiunoni hadi gotini.

"Huna macho?" ulimfokea.

"Samahani, sharifu," kijana alisema, akishuka kwenye baiskeli. "Njia hii ya babu zetu. Wao walikuwa wembamba."

Waliokuwa wanakunywa kahawa barazani wakacheka. Hata mimi nilitabasamu.

"Unanijua mimi nani?"

"Wewe sikujui. Kanzu yako ndo nshaijua. Leo inalala na sabuni."

Kicheko kikapanda. Nawe ukainama, ukaanza kuipandisha kanzu. Ukaivuta, ikang'ang'ania, ukaivuta tena, mguu mmoja wa suruali ukatokeza, na mzee mmoja barazani akapaza sauti: "Msikitini, sheikh! Choo kipo msikitini!" Watu wakapigana makofi mabegani. Mimi mwenyewe sikuelewa unatafuta nini mpaka ilipotoka.

Haikukwama. Ilifanya kazi kama tulivyoahidiwa dukani.

Makame akaanguka na baiskeli yake. Jina lake ni Makame, mtu wa Tumbatu, na nalitaja kwa sababu nyumbani kwenu anaitwa "yule". Madafu yalibingirika mpaka miguuni kwa wale waliokuwa wakicheka, na hakuna aliyeinama. Nilivua mtandio wangu nikamfunga paja, nikaukaza kwa mikono yote miwili. Wewe ulisimama palepale, kanzu bado imekunjamana kiunoni, na neno lako la kwanza halikuwa kuuliza kama yu hai. Uliniambia mimi, kwa sauti ya chini: "Umeliona panga? Samira, umeliona?"

Panga lilikuwepo. Muuza madafu asiye na panga atayachanja kwa meno? Lilikuwa ndani ya tenga, chini ya madafu, limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Askari ndio waliokuja kulitoa.

Ulipopata dhamana, ukapelekwa Dar kwa dada yako, tukaambiwa tusikupigie. Wale wa barazani wakawa vipofu mmoja mmoja. Wengi wao ni wapangaji wa baba yako. Mmoja alikuwa anatazama kikombe chake, mwingine alikuwa anafunga kiatu, na yule mzee wa choo cha msikitini siku hiyo hakutoka nyumbani kabisa. Nikabaki mimi.

Ami alikuja siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Nilimwamkia, "Shikamoo, Ami," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa, na kahawa ya mama hakuigusa.

"Panga lilikuwepo au halikuwepo?" akaniuliza.

"Lilikuwepo, Ami. Ndani ya tenga."

"Basi. Mie nnakuomba ulitoe kwenye tenga, ulitie mkononi mwake. Si mbali."

"Ami..."

"Sijakwambia useme uongo mtupu. Panga lipo, mtu yupo. Na mwenzio alivyotendwa Mbweni unajua. Nimekulea, Samira. Sijakuomba kitu hata siku moja. Hiki ndo cha kwanza."

Hakutaja nyumba. Hakuhitaji. Aliinua macho tu, akautazama ukuta wetu, dari yetu, mlango wetu, kama mtu anayetafuta pa kupaka rangi.

Usiku wake ukanitumia sauti yako kwenye simu. Sikuwa nimeisikia tangu uchochoroni, na nilivyokuwa mjinga, nilidhani utasema kuwa huli, hulali, unamwona Makame ukifumba macho. Ulisema: "Usiseme ulichokiona wewe. Sema nilichokiona mimi. Niliwaona wale wa Mbweni, Samira. Wallahi niliwaona."

Nimeyabeba maneno hayo siku nyingi. Nimeyapima kila upande, kwa sababu nakujua, na kwa sababu nilitaka yawe kweli. Kama uliwaona wale wa Mbweni, basi ulikuwa mgonjwa wa hofu, na mgonjwa hupelekwa kwa tabibu. Lakini uso wako wa hofu naujua tangu bata mzinga. Midomo huwa myeupe. Magoti hugusana. Uchochoroni midomo yako ilikuwa myekundu, masikio pia, na miguu imesimama imara kama nguzo. Miguu haikukukataa siku ile. Tena ulipoitoa bastola hukumtazama Makame. Ulitazama barazani, kwenye vinywa vilivyokuwa wazi, ukazungusha mkono kama anayechagua, kisha ukaushusha kwa aliyekuwa karibu. Mimi nilikuwa ubavuni kwako. Usinifundishe ulichokiona.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba umeichukua siri uliyonipa mimi peke yangu, ya jikoni, ya friji, ukaifanya ngao. Nilikuwa nimeitunza. Nilikuwa tayari kuzeeka nayo. Wewe umempa baba yako, baba yako kampa wakili, na sasa inasemwa kila mahali kana kwamba Makame ndiye aliyeingia Mbweni, yeye ambaye saa zile yumkini alikuwa nyumbani kwake anahesabu madafu ya kesho.

Nilikwenda kumtazama hospitali. Mfupa wa paja umevunjika, madaktari hawajui kama atapiga pedali tena. Niliketi pembeni ya kitanda chake. Akanitazama, akanijua.

"Bi Samira, ule mtandio mke wangu kaufua, damu haikutoka yote."

Nikamwambia sio kitu, asijali.

"Na madafu yangu?" akauliza. "Nani aliyeyaokota?"

Sikujua. Nilitoka nje nikalia kwa hasira, si kwa huruma, kwa sababu yeye anauliza madafu na wewe unauliza panga, na hakuna hata mmoja wenu aliyepaswa kuniuliza mimi.

Nilipomweleza mama kuwa nimekusudia kwenda kusema nilichokiona, nilitegemea atanisihi. Aliniuliza neno moja tu: "Umelala na neno hilo, ukaamka nalo?" Nikamjibu naam, nimelala, nimeamka, nimelala tena. Akapanda juu ya kiti akaanza kuyashusha mapazia. "Haya nlinunua mwenyewe," alisema. "Vilivyobaki vya shemeji." Pete na sanduku la nguo za posa ulilonipa alimpelekea mama yako kwa mkono wake, wakakaa pamoja wakalia, kisha wakaagana kwa adabu. Sasa tunaishi Mpendae, vyumba viwili vya kupanga. Mapazia ni marefu kuliko madirisha, yanaburura sakafuni.

Jana asubuhi nilikwenda kituoni. Alinipokea askari wa kike, akaniandikia maelezo kwa mkono wake, polepole, toka "Simile" mpaka mtandio. Alipomaliza alinisomea yote. Yalikuwa sawa isipokuwa mahali pamoja. Alikuwa ameandika kuwa ulitoa bastola kwa kuhofia maisha yako. Nadhani alijiandikia tu, kwa mazoea, kwa kuwa ndivyo maelezo ya namna ile yanavyokuwa. Hakuwa na nia mbaya. Nami nilijua neno lile lingekusaidia, na nilijua kuwa nikinyamaza nitakuwa sijasema uongo, nimenyamaza tu, kama ukoo wetu wote.

Nikamwomba alikate. Akaniuliza aandike nini badala yake. Nikamwambia aandike kwamba hukuwa na hofu, ulikuwa na hasira, kwa sababu watu walicheka. Akaandika. Nikatia saini.

Mtoto wa ami yako, na zaidi ya hapo si kitu kwako tena,

Samira