Rivasi Imekataa

Alhamisi, 3 Machi 1983

Pikapu imerudi! Shiundu alimaliza kufunga injini jana jioni, na leo imewaka mara moja. Moshi hakuna. Tumezunguka mtaa wote wa Kabiro, mimi kwenye usukani, yeye kando yangu ameshikilia mlango kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Gia zote zinaingia. Nilipozima nililia kidogo. Marehemu mume wangu Mburu angeiona leo! Halafu nikajipangusa haraka, majirani wana macho.

Mtihani wangu wa kuendesha ni Jumanne ya tarehe 15. Shemeji yangu Ephantus alisema mbele ya ukoo mzima, tulipomaliza matanga ya kaka yake Mburu: nisipopata leseni kufikia Pasaka, ufunguo ni wake. Gari linalobeba viazi vyangu! Ati gia ya kwenye usukani si kazi ya mwanamke. Na wazee wakaitikia. Haya, tutaona.

Jumamosi, 5 Machi

Rivasi imekataa.

Niliingiza pua ya gari kwenye geti la posho mill, pale wanaposaga mahindi, nikataka kurudi nyuma — wapi! Mkono wa gia unagonga kitu kigumu, hauendi. Wapakiaji wamenisukuma mpaka barabarani wakicheka. Wacheke tu.

Shiundu anasema navuta vibaya. Nikamuuliza juzi nilikuwa navuta vipi. Akaangalia viatu vyake. Ni mpangaji wangu, mtu mpole, lakini leo nilitaka kumtupia spana.

Jumatatu, 7 Machi

Sasa hata namba mbili haitaki. Shiundu amekaza klachi. Bado. Amemwaga mafuta ya gia akatia mengine. Bado. Anaapa: "Mama Nduta, mimi nilifungua injini tu. Hiyo giaboksi sikugusa, haki ya Mungu!"

Nikakaa ndani ya gari nikafikiri. Mburu aliwahi kuniambia kwamba klachi ikiwa na kosa, gia hugoma injini ikiwa inanguruma, lakini ukizima zinaingia bila shida. Nikazima. Nikavuta. Imekataa vilevile! Basi klachi haina hatia. Nimemwambia Shiundu, akarudi chini ya gari.

Jioni akapita Ephantus. Aliinama akachungulia chini ya gari, suti na yote. "Giaboksi imekufa, Wagaki. Wacha nikuondolee hii mzigo." Ana mtu wake wa vyuma vikuukuu huko Dagoretti, na tayari wameshaongea! Kabla hata sijashindwa. Nilimkaribisha chai kwa adabu. Nilitamani imuunguze.

Jumanne, 8 Machi

Naegesha kwenye mteremko, pua ikiangalia barabara. Nikikosea kona, nazunguka mtaa mzima. Wiki hii mimi ni mtu wa kwenda mbele tu.

Jumatano, 9 Machi

Nimeipata! Nimeipata!

Kulikuwa na mafuta yanadondoka, Shiundu akataka kuona yanatoka wapi. Akaweka ubao juu ya jeki, akaanza kuinua injini. Mimi nilikuwa kwenye kiti, nikivutavuta gia kwa hasira tu. Injini ikapanda kidogo — rivasi ikaingia. Laini, kama kisu kwenye parachichi. Nikapiga kelele: shusha! Akashusha. Imekataa. Inua! Imeingia. Tumerudia mpaka Wangoi wa jirani akaja kuuliza kama kuna mtu ameumia.

Kumbe giaboksi ni nzima, haina kosa. Ni injini imekaa chini mno, na ile mikono ya chuma inayotoka kwenye usukani mpaka kwenye giaboksi imevutwa, haifiki inapotakiwa. Na injini hukalia nini? Raba.

"Shiundu, hizo raba ulitoa wapi?"

Ukweli ukatoka polepole. Zile za zamani zilikatika alipokuwa anashusha injini. Madukani alizikosa. Akaenda kwa Lusweti, rafiki yake wa kutoka kwao, fundi wa akala, vile viatu vya tairi, kule mtaa wa Lindi, akakatiwa nyingine kutoka kwa tairi.

Akala! Injini ya Mburu imevalishwa akala! Siku ya kwanza zilikuwa nene, baadaye uzito ukazilaza. Na mimi nikaambiwa navuta vibaya. Nilimfokea mpaka Nduta akatoka nje kuangalia mama yake ana nini. Halafu nikaanza kucheka, na nikashindwa kuacha.

Ijumaa, 11 Machi

Nimeenda Lindi mwenyewe. Sikutaka kuletewa maneno.

Lusweti hakuomba msamaha hata kidogo. "Mama, mimi niliambiwa nikate raba ya kubeba. Sikuambiwa inabeba nini!" Nikamgeukia Shiundu. Shiundu akageukia barabara. Lusweti anasema angejua ni injini angekata kwa tairi la lori, pale penye nyuzi nyingi. Basi nikamwambia akate sasa, na mimi nimesimama hapa. Akakata, akipaka kisu maji ya sabuni. Alipomaliza alipanda juu ya raba akarukaruka. Nikamwambia ashuke, nikaruka na mimi. Haikubonyea.

Jumamosi, 12 Machi

Zimefungwa. Rivasi inaingia! Nimerudi nyuma kutoka getini mpaka mlangoni kwa Shiundu, tena na tena. Kuku wa Wangoi wamehama.

Jumatatu, 14 Machi

Leo rivasi imekuwa nzito kidogo. Au ni mimi? Shiundu anasema navuta kwa woga. Tumechungulia pamoja chini ya injini, raba zinaonekana sawa. Lakini hata zile za kwanza zilionekana sawa.

Sitajaribu tena leo. Naogopa jibu. Ephantus ametuma salamu: kesho atakuja kushuhudia.

Jumanne, 15 Machi

Naandikia pajani, nikingoja kuitwa. Tumefika mapema, Shiundu kando yangu. Uwanja wa mtihani ulikuwa mtupu, ningeweza kuegesha popote. Nimeenda moja kwa moja mpaka ukutani, pua ikakaribia kugusa mawe. Shiundu alishtuka: "Sasa Mama, tutatokaje hapa?" Nikamwambia kuna njia moja tu. Nimechoka kutafuta miteremko.

Ephantus amefika. Amekuja na yule mtu wa vyuma! Wanazunguka gari langu, mwenzake anagongagonga bodi kwa kidole. Nina hofu, niseme ukweli. Nina hasira zaidi.

Wameita jina langu. Mtahini anakuja na karatasi zake, Shiundu ameshuka kumpisha. Ephantus na mtu wake wamesimama nyuma kabisa, wanacheka.

Namsikia Shiundu, mpole wangu, anapaza sauti: "Nyinyi wazee, tokeni hapo nyuma! Hii gari inarudi!"