Chachu Ambayo Haikuuzwa

Jumapili, 7 Aprili

Leo nimehudumia watu thelathini na wawili dukani kwa Babu, na tisa wameniambia niongeze sauti. Bwana Pinkus alikunja kiganja sikioni akainama juu ya kaunta. "Mjukuu wa Fishel, unaongea na mimi au na jibini?" Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, ili iishe haraka.

Shuleni asubuhi tunasoma kwa Kiebrania, mchana kwa Kiingereza. Lugha mbili! Na zote zinanikwama hapa kooni.

Duka jipya la begeli, mikate ya duara yenye tundu katikati kama yetu, ng'ambo ya barabara, limetimiza mwezi. Nilipita jana— hapana, jana Sabato. Juzi. Wote wanatabasamu kama wanapigwa picha. Wanakuuliza jina, wanaliandika kwenye mfuko, wanalikosea. Begeli zao kubwa, laini kama mto wa kulalia. Hawazichemshi, wanazipulizia mvuke tu. Meno hayapati kazi. Bwana Pinkus anasema kule anaitwa "mteja wetu mpendwa", na kwa Babu anaitwa "wewe tena?" Halafu anarudi kwa Babu.

Babu hatabasamu. Ukimwomba aibanike tena begeli iliyotoka tanuri sasa hivi, anakuuliza: "Imezaliwa leo, imekukosea nini?" Lakini Bi. Hauptman akitokea mlangoni, begeli mbili za mbegu za popi na moja ya chumvi zimeshafungwa kabla hajakunja mwavuli.

Nilimuuliza Babu huduma nzuri ni ipi. Alikuwa kwenye sufuria kubwa, anazitazama begeli. Zikitumbukizwa zinazama. Kisha zinaelea. Zikishaelea, sekunde sitini, unazitoa. Akasema bila kugeuka: "Yule aliye kwenye foleni hajaona nilichofanya huku ndani. Anakula tu. Hiyo ndiyo huduma."

Sikuelewa vizuri. Naandika isinipotee.

Jumanne, 16 Aprili

Pasaka yetu Wayahudi inaingia Ijumaa jioni, siku nane za kutokula wala kumiliki chochote kilichochachuka. Babu amenipa karatasi yake ya kila mwaka nimpelekee Rabi Landesman. Mguu wake umevimba, hawezi ngazi.

Nimeisoma njiani. Mwandiko wake unalala upande. Anampa Rabi idhini amuuzie mtu asiye Myahudi, kwa siku zote za Pasaka, kila kilichochachuka dukani: magunia ya unga, mapipa ya shira ya shayiri, trei arobaini za begeli zilizogandishwa. Na mwishoni, kwa herufi kubwa kuliko nyingine— AJUZA.

Ajuza ni donge la chachu. Linakaa kwenye ndoo nyeupe ndani ya chumba cha baridi, nalo lina umri mkubwa kuliko Mama. Baba yake Babu alivuka nalo bahari ndani ya kopo la kahawa. Kila siku Babu anakata kipande cha kuchachushia unga, kisha analilisha. Tangu Bibi afariki, Ajuza ndiye wa kwanza kusalimiwa asubuhi. "Umeamkaje, mama?" Nimemsikia kwa masikio yangu.

Mnunuzi ni yule yule, Bwana Tolliver, aliyekuwa mpeleka barua wa mtaa wetu. Ananunua chachu ya mtaa mzima na baada ya siku nane tunainunua tena.

"Mkononi mwake," Babu alisema. "Si chini ya mlango. Mkononi."

Nilifika. Korido ya Rabi imejaa wanaume, kila mmoja na karatasi yake, wanabishana kwa sauti iwapo mahindi nayo yamekatazwa. Mmoja akanigeukia. "Unamtafuta nani, binti?"

Nikasema, napita tu.

Napita! Korido haina mlango wa pili. Nikageuka nikatoka. Nilisikia mtu akicheka, labda si mimi aliyemcheka.

Kesho.

Jumatano, 17 Aprili

Nimerudi. Watu wengi kuliko jana. Safari hii Rabi alichungulia, akaniona, akanyanyua nyusi— nikafungua mdomo— simu yake ikalia. Nilisimama pale nimeshika karatasi kifuani kama mtoto anayesubiri kuimba. Watatu walinipita. Sikusema "samahani, nilitangulia." Neno dogo tu lile.

Bado kesho ipo.

Alhamisi, 18 Aprili

Nyumba inanuka sabuni na siki. Mama anakung'uta mifuko ya nguo zote nje ya dirisha, asibaki na chembe ya mkate. Alifika kwenye koti langu. Nikamnyang'anya. "Una nini humo, barua ya mchumba?" Nikamwambia nitakung'uta mwenyewe.

Mchana nilimsaidia Babu kufunga duka. Amebandika utepe wa karatasi kwenye mlango wa chumba cha baridi, juu hadi chini, akaupiga kiganja. "Basi. Si changu tena mpaka Jumapili Pasaka ikiisha." Kisha akaniuliza: "Rabi ulimpa mkononi?"

Nilitikisa kichwa. Juu, chini.

Sikusema ndiyo. Ni kichwa tu. Na kesho asubuhi na mapema nitampa, kwa hiyo itakuwa kweli, imechelewa kidogo tu kuwa kweli.

Ijumaa, 19 Aprili

Mwisho wa kuuza ulikuwa saa sita kasoro robo mchana. Mama alinipa viazi vya kumenya, kisha mdogo wangu akamwaga supu, kisha sakafu. Ningeweza kusema, Mama, niache niende. Nilikimbia barabara tatu bila kofia. Saa sita na dakika nane.

Mlango wa Rabi umefungwa. Kibandiko: Mauzo yamekwisha. Pasaka njema.

Mama anawasha mishumaa sasa hivi. Sikukuu ikiingia hatuandiki; siwezi tena.

Jumatatu, 22 Aprili

Siku za katikati ya Pasaka huandiki ila kwa jambo la lazima. Hili ni la lazima. Sina pengine pa kuliweka.

Nimetoa kitabu cha sheria cha shuleni. Chachu iliyokaa mikononi mwa Myahudi Pasaka nzima, Myahudi haruhusiwi kuila tena. Wala kuiuza. Wala kumpa mtu. Hata kama alisahau, hata kama hakujua. Nimesoma mara nne nikitafuta mstari unaosema: isipokuwa mjukuu wake ana haya.

Nikinyamaza— Jumapili mtaa mzima, baada ya siku nane za mkate mkavu, watapanga foleni na kula kutoka mkononi mwa Babu kitu walichokatazwa. Hawatajua. Naye hatajua. Yule aliye kwenye foleni hajaona kilichofanyika huku ndani.

Nikisema— trei arobaini kwenye pipa la taka. Unga wote. Na Ajuza. Nani atambeba Ajuza kwenda pipani? Babu mwenyewe. Hatamruhusu mtu mwingine.

Kuna tumaini moja. Darasani tuliwahi kuambiwa kwamba marabi wengine huongeza wenyewe jina la mtu aliyechelewa, mtu anayeuza kila mwaka. Labda Rabi aliona jina la Babu halipo akaliandika. Labda. Naenda kulala na hiyo labda.

Jumatano, 24 Aprili

Labda imekwisha.

Nilikuwa natembea na Babu, polepole kwa ajili ya mguu. Bwana Tolliver ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, kofia magotini. Utani wao ni ule ule tangu sijazaliwa. Babu akaanza: "Tajiri wangu! Mali yako nimeilinda, hata panya sijamruhusu!" Bwana Tolliver hujibu kwamba atakuja na lori achukue begeli zake zote. Leo alicheka tu, kifupi. Babu hakuona. Alikuwa ameshamwona Bwana Pinkus kwenye kona, akaenda kubishana naye.

Bwana Tolliver akaniita kwa kidole.

"Binti, Rabi alinisomea orodha yote. Kila anwani, kila kabati. Lakini duka la babu yako halikuwamo. Nikajua mwaka huu kamuuzia mwingine, hata nikanuna kidogo."



Akanitazama. Hakuuliza kitu. Nadhani mfuko wa koti langu ulijibu, maana nilikuwa nimeushika kwa mkono.

"Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Mimi."

"Sijasikia."

"Mimi!"

"Haya." Akavaa kofia. "Miaka thelathini nimepeleka barua, na nyingine zilikuwa mbaya. Hakuna aliyewahi kunishukuru kwa kuzichelewesha."

Babu alirudi ameshinda ubishi, anafurahi kama kijana. Aliniuliza Tolliver alikuwa anasemaje. Nikasema, anakusalimu.

Alhamisi, 25 Aprili

Mchana kwa Babu. Tumekula mkate usiochachuka na mayai. Alikuwa anahesabu kwa vidole nani atapenda nini Jumapili. Bi. Hauptman amejifungua, mtoto wa kike, kwa hiyo atahitaji sita, si tatu. Bwana Pinkus atasema zimekuwa ndogo kuliko mwaka jana, husema hivyo kila mwaka. "Na wewe utakaa kaunta. Utaita majina. Kwa sauti, wasikie mpaka ng'ambo, waone huduma."

Nikafungua mdomo. Kweli nilifungua.

Nikaomba chumvi.

Akanisogezea, akanishika kichwa kwa ule mkono wake usiohisi moto. "Unajua kwa nini nilikutuma wewe kwa Rabi? Mama yako angekwenda. Nilitaka uingie mahali penye kelele, useme jina langu. Na ukaweza."

Kesho sikukuu, keshokutwa Sabato. Siandiki. Nina siku mbili nzima za kusema bila kuandika.

Jumapili, 28 Aprili

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Niko stoo ya duka, nimekaa juu ya gunia la unga ambao si halali na mimi peke yangu ndiye najua.

Siku mbili zile sikusema. Ijumaa nyumba ilijaa wageni. Jana Babu alilala mchana kutwa akijiandaa kwa leo, nikakaa kando ya kitanda chake, nikamwambia yote kwa kunong'ona, amelala. Najua hiyo haihesabiki.

Leo amebandua utepe mbele yangu. Akaingia, akafunua ndoo, akainamisha pua. "Umelalaje, mama?" Akaniita nami ninuse. Harufu ya tofaa lililoiva sana, na ya Babu mwenyewe. Nikanusa. Nikamwambia yuko vizuri.

Cipriano, anayefanya kazi kwenye tanuri tangu sijaanza shule, amewasha moto na kutoa trei za kwanza kwenye chumba cha baridi. Nje foleni imefika duka la dawa. Nimechungulia. Duka la ng'ambo limebandika cheti kwenye kioo, kikubwa, na muhuri: tuliuza chachu yetu kupitia kwa rabi, karibuni mle bila wasiwasi. Mwanamke mmoja nisiyemjua alikuwa anatafuta cheti kama hicho kwenye kioo chetu. Bi. Hauptman, wa kwanza kabisa kwenye foleni, mtoto kifuani, akamwambia: "Kwa Fishel huulizi, mpenzi."

Hapo ndipo miguu yangu ilipoondoka yenyewe.

Nilikwenda mpaka nyuma ya Babu kwenye sufuria. Mvuke ulinipiga usoni. Nikasema: "Babu, karatasi sikumpa Rabi."

Nimesema! Maneno yote, kwa mpangilio!

Maji yalikuwa yananguruma, na Cipriano anaburuta trei. Babu hakugeuka. "Ongeza sauti, Tirtza, sikusikii. Na kavae aproni, tunafungua."

Nikaja kuvaa aproni.

Karatasi nimeitoa kwenye koti. Imelainika kama kitambaa, mikunjo inataka kukatika. Jina la Ajuza bado linasomeka.

Nasikia mlango wa chuma unapandishwa. Wanapiga makofi. Wanaingia, wote kwa pamoja, na Babu anawagombeza waache kusukumana, na sauti yake ina furaha ambayo sijaisikia tangu Bibi. Sasa hakuna tena kumwambia chinichini. Nikitoka hapa nitasema mbele ya mtaa mzima, au sitasema.

"Ndani!" Cipriano anaita. Za kwanza zimetumbukia. Zimezama.

Aproni nimefunga. Mafundo mawili.

"Zinaelea!"

Sekunde sitini.

Bwana Pinkus anauliza yuko wapi yule mjukuu, amemezwa na jibini? Wanacheka. Babu anasema, subirini, leo mtamsikia.

Thelathini na tano. Karatasi iko mkono wa kulia. Nimejaribu sauti hapa stoo, neno moja tu, "Babu", na Cipriano amegeuka kule kwenye tanuri kuangalia nani kaita.

Arobaini. Naweka kalamu, natoka