Majina kwenye tiketi za Dar

Mama Kirezi,

Chai iko kwenye chupa. Usiwaamshe watoto. Wamelala na nguo za kuogelea na nimeshindwa kuwavua. Mabegi nitafungua mwenyewe jioni.

Pale uwanja wa ndege Kanombe asubuhi walitukatalia kupanda ndege, majina ya watoto kwenye tiketi hayakulingana na pasipoti. Kosa ni langu. Nilikulia Tanzania, mtoto anabeba jina la baba, basi kwenye tiketi nikawaandika wote Ndayisaba. Hapa kwetu Rwanda kila mtoto ana jina lake, si la baba, na wewe ulinisihi niangalie pasipoti. Nikakucheka.

~~Tutaenda Desemba.~~ Siwaahidi tena kitu.

Tuliporudi, Kirezi alimwaga pakiti nzima ya chumvi kwenye beseni la maji, “Shema aone bahari.” Usimgombeze. Na maji usiyamwage, Shema alisinzia kabla ya kuyaonja.

Baba yao