Pete ya Ndoa na Krimu ya Kikula

Likasi, siku ya tano, mwezi wa kumi 1994

Aluminium! Bwana yangu anasema niliuzisha pete ya ndoa, nikavaa aluminium. Alilalamika mpaka bukari ikapoa mu sahani.

Lakini pete ni ile ile. Ilikuwa ya zahabu, leo iko mweupe kama kijiko. Niliisugua na majivu, haikurudia rangi yake.

Yaya Ilunga, ndugu yangu mukubwa, anaoshaka zahabu ku mito. Akaangaria kidole yangu.

"Ile ni mercure, ile zebaki tunakamatishaka nayo zahabu. Weye unapaka nini?"

Nikaficha kidole. Bwana akaenda kuleta kopo ya krimu nilinunua ku soko ya Kikula, ile ya kufanya ngozi mweupe; chini yake waliandika mercure. Akacheka mpaka machozi.

"Mama, ulitaka kuwa muzungu, pete ikakutangulia!"

Miye sicheki. Kama mercure inaingia mu zahabu, itaacha mashavu yangu? Na mafigo? Tangu juzi mikono inatetemeka. Ao ni woga tu.

Kesho naitupa ile krimu. Ila shavu ya kushoto ilianza kuwa mweupe, ya kuume bado. Siwezi kwenda ku misa na sura ya rangi mbili. Nimepaka ya kuume, kidogo tu, zilingane.

Pete nilivua kwanza. Isiharibike.