Hatutoki, na Ndoo Iliyo Kwenye Jalada

Mpendwa Mshauri,

Barua hii nimeiandika mara nne na mara tatu nimeichana, kwa hiyo nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujanicheka. Niko kidato cha tatu, nakaa dawati la nyuma kwa hiari yangu, na ninachotaka kujua ni kama mtu anaruhusiwa kuwaambia watu anaowapenda kwamba wamekosea kwa miaka thelathini.

Mama yangu ni fundi cherehani, mjomba wangu anachomelea mageti, karakana zao ziko kwenye uwanja mmoja na mafundi wengine kama ishirini, na wote hao, Mshauri, ni mashabiki wa bendi moja ya ng'ambo ya panki, muziki wa magitaa ya kelele na mbio, iliyotoa albamu moja tu ya maana, nyimbo kumi na moja, dakika ishirini na tisa, halafu ikavunjika, ila hapa kwetu haijavunjika hata siku moja. Waliipata kwenye kanda walipokuwa na umri wangu, kanda iliyokuwa imeachwa juani ikavutika, wakanakiliana hiyohiyo, na mpaka leo kila Jumamosi mchana mashine zikizimwa inapigwa yote tangu mwanzo, na wimbo wa nne ukifika kwenye kiitikio watu wazima wenye miwani ya kusomea na migongo inayouma wanaruka juu na kupaza sauti, "Hatutoki, hatutoki," kwa sababu ndivyo wanavyousikia, na Mjomba huapa kwamba bendi ilijifunza neno moja la Kiswahili kwa ajili yetu.

Neno hilo kwetu si mchezo. Nilipokuwa na miaka sita kampuni moja ilitaka uwanja ule uwe wa kuegeshea magari, na mafundi wakakaa chini mbele ya tingatinga siku nne, mimi nikiwa mapajani mwa Mama, kanda ikizunguka, wakiitikia neno hilo moja hadi kampuni ikaenda kutafuta kwingine. Mimi mwenyewe naipenda albamu hii kuliko kitabu chochote nilichowahi kusoma, na nimesoma vingi, ingawa kiitikio kikifika midomo yangu hucheza bila sauti kutoka.

Sasa albamu inatimiza miaka arobaini, na mpiga ngoma wa bendi, ambaye ni mzee siku hizi, anajibu barua za mashabiki. Mjomba akasema, "Msomi wetu si huyu hapa? Atuandikie kwa Kiingereza, amwambie neno lao ndilo lililotubakisha. Na Jumamosi atusomee sisi kwanza."

Nikamwambia, "Mjomba, mimi kusoma mbele ya watu siwezi."

"Nani kakuambia sisi ni watu? Sisi ni mafundi."

Mama alikuwa anakata kitambaa, vidole vya bluu kwa chaki, hakuinua hata kichwa. Akasema tu, "Mwacheni. Ataandika."

Siku mbili baadaye Mama alinituma zipu kwenye droo yake ya chini, droo ambayo siku zote haniruhusu kuigusa, na chini ya zipu nikakuta karatasi ya maneno ya nyimbo, ile iliyotoka ndani ya santuri halisi ya albamu, ambayo mteja mmoja alituletea miaka mitano iliyopita na Mama akaichukua aishonee mfuko kwa sababu mikono ya Mjomba ina grisi. Karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo inataka kuachana, na kwenye wimbo wa nne mstari mmoja umepigwa chaki ya bluu, nadhani na mwenye santuri wa zamani, na mstari wenyewe hauna Hatutoki wala kitu kama hicho. Ni Kiingereza cha mbiombio cha mtu mwenye baridi anayelibembeleza bomba la maji moto liseme naye, "Hot tap, talk to me," ambayo kwenye kanda iliyovutika husikika Hatutoki. Bomba, Mshauri. Jalada la santuri lina picha ya ndoo, na Mjomba miaka yote hii anatueleza kuwa ndoo ile ni ya kugonga kwenye maandamano. Kumbe ni ya kuogea.

Jambo moja nimeshaamua: uongo sitauandika, hasa kwa mtu aliyepiga ngoma zile. Lakini nikisema ukweli naogopa nitakuwa nimefanya kile ambacho tingatinga lilishindwa kufanya. Nianzie wapi?

Ni mimi,
Midomo Bila Sauti

*

Midomo,

Wewe sijakucheka. Nimeicheka ndoo, na nadhani hata mpiga ngoma ataicheka.

Sasa nikugombeze kidogo. Unasoma vitabu vingi lakini karatasi hiyo umeisoma vibaya. Chaki ya fundi hufutika kwa kidole. Ingekuwa ya mwenye santuri wa zamani, miaka mitano ya kukunjwa na kukunjuliwa ingeimaliza zamani. Nyumbani kwenu ni nani mwenye vidole vya bluu? Na ni nani aliyekutuma kwenye droo usiyoruhusiwa kuigusa, siku mbili baada ya wewe kukabidhiwa kazi ya barua? Mama yako amekaa na habari za bomba miaka mitano, mwanangu, na kila Jumamosi ya miaka hiyo ameruka na kuitikia pamoja na wenzake. Huna cha kumnyang'anya.

Na habari za tingatinga ziache. Siku zile nne bendi haikuwepo pale chini. Walikuwepo fundi cherehani, mchomelea mageti na wenzao, na neno walilitoa masikioni mwao wenyewe. Watu kuipenda albamu mpaka wakaizalia neno lake, hizo ni habari ambazo mwanamuziki mzee angefurahi kuzipata.

Fanya hivi. Leo ukitoka shule vuta kiti karibu na cherehani, mrudishie Mama karatasi yake mkononi, muulize, "Mama, ulijua tangu lini?" Kisha nyamaza, najua hilo unaliweza. Mkishamaliza, nendeni wote wawili kwa Mjomba kabla ya Jumamosi, mwambieni pembeni, maana mtu mzima hastahili kusikia habari ya ndoo mbele ya wateja wake. Atanuna. Mpe siku moja, na usishangae akirudi anadai kwamba yeye alishuku tangu zamani.

Barua uiandike nzima: wao waliimba nini, ninyi mlisikia nini, na mlifanya nini kwa hicho mlichosikia. Usiweke hata mstari mmoja wa kuomba radhi.

Kuisoma usimwachie mtu. Simama mwenyewe uwanjani, karatasi uishike kwa mikono miwili. Ukifika katikati utatamani kukimbia ukajifiche nyuma ya mageti ya Mjomba. Hapo neno la kuujibu moyo wako unalijua. Safari hii litoe kwa sauti.