Nani Alianza Kuongea? Kwa Mama Yetu, Bi Tena

Mwaka umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ya Jumamosi ulipotuaga. Jumamosi, siku ambayo kwa kawaida ungekuwa umeshatoka mlangoni na begi la kamera begani, gauni la sherehe mwilini na raba miguuni. Ukichekwa kwa hizo raba ulijibu kwamba harusi huangaliwa na waliokaa, lakini hurekodiwa na waliosimama.

Tulilia, hatufichi. Lakini leo hatukuja kulia. Tuna habari ya kukupa, na ni habari njema. Utuvumilie kidogo tu, maana wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua, na si adabu kumsema mtu mbele ya wageni bila kumtambulisha.

Waliokujua walikuita Bi Tena. Jina hilo hukupewa na sisi, ulipewa kwenye kumbi. Pete ikivishwa kidole kisicho chake, "Tena!" Keki ikikatwa huku shangazi mtu kaziba lenzi, "Tena! Shangazi, sogea kidogo, mgongo wako tumeshaupata wa kutosha." Yupo baba wa bibi harusi uliyemliza mara tatu kwa amri yako. Alikuja msibani akatuambia kwamba mara mbili za kwanza alikuwa anaigiza, ya tatu ndiyo aliyolia kweli, na ndiyo uliyoiweka.

Harusi yenyewe kwako ilikuwa kazi ya siku moja. Roho yako ilikuwa kwenye zile hadithi za mapenzi ulizozirekodi wiki mbili kabla, pale sebuleni kwetu, kwenye kiti cha mbao kinachoelekea dirishani. Sheria yako ilikuwa moja: wachumba hawahojiwi pamoja. Mmoja anaketi, mwenzake unamtuma sokoni akalete ndimu. Nyumba ingeweza kuwa na ndimu za kujaza ndoo, bado mtu alitumwa ndimu. Sisi wanao tumekua tukinywa maji ya ndimu asubuhi, mchana na jioni kwa ajili ya mapenzi ya watu wengine.

Na swali lako la kwanza halikubadilika: "Nani alianza kuongea?" Mwalimu mmoja alisema ni mchumba wake, muuguzi, aliyemfokea apange foleni vizuri. Muuguzi alirudi na ndimu zake akasema ni mwalimu aliyemuuliza saa ngapi, wakati saa anayo mkononi, tena kubwa. Uliziweka zote mbili, moja baada ya nyingine, na ukumbi mzima ulicheka mpaka mshereheshaji akasahau zamu ya nani. Ukiulizwa yupi mkweli, ulisema, "Mimi si hakimu. Wakipatana kila kitu sasa hivi, uzeeni watazungumza nini?"

Walikuja wawili ambao hadithi zao zilifanana neno kwa neno. Ukazima kamera. "Hii mmeikariri," ukawaambia. "Nendeni mkagombane kidogo, mrudi Alhamisi." Alhamisi walirudi wamenuniana, kila mmoja na lake, na ile ndiyo sinema tunayoipenda kuliko zote. Hivi karibuni tumewaona barabarani na mtoto wa pili, bado wanabishana.

Wengi hawajui ile siku ulipoacha chakula cha ukumbini kimepoa ukaenda hospitali na kamera, kwa sababu bibi ya bwana harusi alikuwa amelazwa na hakuweza kuja. Ulikaa ukingoni mwa kitanda ukamshikia kioo kile kidogo cha kamera mpaka mkono ukafa ganzi. Bibi aliangalia yote, kisha akasema, "Bibi harusi ni mzuri. Mjukuu wangu masikio makubwa, lakini atafaa." Uliirudisha nyumbani kauli hiyo kama zawadi, na kwa wiki nzima kila aliyekosea kitu kwetu aliambiwa, "Masikio makubwa, lakini atafaa."

Na zile betri zako! Kila tundu la umeme lilikuwa na betri inayochajiwa. Baba akitaka kupiga pasi shati lake alibisha hodi kama mpangaji: "Mama watoto, naomba umeme dakika tano." Ulikula umesimama, ulilala umekaa, na kufuli la begi lako ulilifunga mara mbili hata ukiwa chumbani peke yako. Ndivyo awavyo mke wa fundi wa kufuli, alisema jirani.

Hapo sasa ndipo tulipokuwa tunaelekea.

Umetengeneza sinema za mamia ya watu, Mama, ila moja tu ilikushinda: yenu. Mlifunga ndoa kwenye ofisi ya msajili siku ya mvua, mashahidi wawili, picha hata moja hakuna. Kila mwaka ulisema utairekodi hadithi yenu kwa sheria ileile, wewe peke yako na Baba peke yake. Na kila mwaka mlikwama palepale, kwenye swali la kwanza.

Wewe ulisema: ulikuwa unapita zako na sanduku lenye kamera ya kuazima, limefungika na ufunguo huuoni, harusi inakungoja, na fundi aliyekuwa kibandani ndiye aliyekuita. "Dada, hilo sanduku unalibeba au linakubeba?"

Baba alisema: alikuwa ameinama akisugua ufunguo kwa tupa yake, hana habari na mtu, akasikia sauti juu ya kichwa chake. "Fundi, nina saa moja tu." Yeye hajamwita mtu tangu azaliwe.

Miaka thelathini na moja mmebishania hilo. Mmelibishania mbele ya wakwe, mbele ya daktari, mbele ya fundi bomba aliyekuja kwa ajili ya bomba. Na kamera ikiwekwa sebuleni, Baba anasema, "Aliyeanza kuongea siku ile ndiye aanze na leo," na wewe unajibu, "Haswa. Haya, keti." Hakuna aliyeketi. Sisi tulicheka tu, tukidhani muda upo.

Wiki zile tatu za mwisho Baba alikuletea kamera mpaka kitandani. Alisema ataanza yeye, liwalo na liwe. Ukamwambia, "Ngoja nipone kwanza, sauti hii itaniharibia sinema." Hukupona. Alikifunga chumba chako cha kazi, na sote tunajua kufuli lake halifunguliwi na mtu mwingine. Kile kiti cha mbao alikifunika shuka. Tukimtajia sinema yenu alitoka kwenda kibandani, hata siku za mapumziko, akachonge funguo ambazo hakuna aliyeziagiza.

Mwezi uliopita alikuja sebuleni amevaa shati lake la bluu, amelipiga pasi mwenyewe. Akaondoa shuka. Akamwita Mkia, binti yako wa kati, uliyempa jina hilo kwa sababu alikufuata kila ukumbi ameshika waya nyuma yako.

"Mkia, tega kamera. Nataka kusema."

Mkia alimwangalia. "Baba, itakuwa nusu. Upande wa Mama tutautoa wapi?"

"Nusu yangu ndiyo niliyo nayo," alisema. "Mwaka hautafika mama yenu akiwa hana hata hiyo."

Kaka mkubwa akapewa ufunguo wa chumba cha kazi, akatafute maiki. Aliipata kwenye kopo la biskuti ulikoiweka. Hakujua kuiunganisha, basi akawasha kompyuta afungue kazi zako za zamani, asikie ulivyokuwa ukiipima. Akavaa hedifoni. Hakutoka. Mkia alipochoka kungoja akaingia kuichukua maiki, akamkuta kakaye amekaa sakafuni, mkono mdomoni, anacheka na machozi yanamtoka. Akampungia mkono tu: nenda, nenda, nakuja.

Kwa hiyo Baba aliketi bila yeye. Alijiweka sawa, akafunga kifungo cha juu, akakifungua. Kisha akauliza, "Na mwenzangu je?"

Mkia hakuelewa.

"Sheria ni sheria," Baba alisema. "Mwenzangu ametumwa ndimu. Yuko sokoni. Haya, niulize."

Mkia alimuuliza: "Nani alianza kuongea?"

Baba alikifunga tena kile kifungo, akakifungua, akakifunga, na vyote tunavyo, hatukukata kitu. Halafu akasema:

"Mimi. Mama yenu alikuwa mkweli. Nilikuwa nimeshamwona siku tatu akipita na lile sanduku. Siku ya nne nikasema huyu akipita tena bila neno, mimi si mwanamume. Nikamwita. Na jingine ambalo hajui: lile kufuli lilikuwa la dakika moja. Nililitia bisibisi mpaka adhuhuri. Nilimwambia ni kufuli gumu la kigeni. Halikuwa gumu, mwanangu. Nilikuwa sitaki aende."

Akaomba maji. Mkia akaenda kuyachota, na hapo ndipo kaka mkubwa alipotokea mlangoni na ile kompyuta mikononi, waya unaburuta nyuma.

Mama, kumbe! Miaka yote tulikuona ukinong'ona na maiki kabla ya kila kazi, tukadhani unahesabu moja, mbili, tatu kama wenzako. Hukuhesabu hata siku moja. Kila sinema yako, mwanzoni kabisa, kwenye kile kipande kinachokatwa na kusahaulika, upo wewe unaiambia maiki habari za nyumbani.

"Sauti, sauti. Leo fundi wangu katoka na soksi mbili tofauti. Nimemwacha aende, maana kapendeza."

"Sauti. Kaninunia tangu juzi. Asubuhi nimekuta mkanda wa begi langu umeshonwa upya. Mnuno gani huu sasa?"

"Sauti, sauti. Mkia kafaulu mtihani. Baba yake anajifanya ana mafua."

Kaka mkubwa alikuwa amesikiliza hizo na nyingine nyingi. Lakini iliyomkalisha sakafuni ni moja, ya siku ile ya mwalimu na muuguzi. Aliiweka mbele ya Baba, akamvisha hedifoni, kisha akazichomoa ili tusikie wote. Sauti yako ikajaa sebuleni, nzima, yenye afya, na kwa mbali, chumba cha pili, kuna mtu anaburuta viti.

"Sauti, sauti. Haya, leo tena naenda kuwauliza watu nani alianza. Hapa nipo peke yangu, basi niseme na langu. Ni mimi. Nilisimama juu ya kichwa chake nikamwambia nina saa moja tu. Harusi yenyewe ilikuwa kesho yake. Na ufunguo wa sanduku ulikuwa mfukoni mwangu. Akisikia hili atanisumbua mpaka kiama, kwa hiyo hasikii. Sauti ipo sawa? Ipo sawa."

Baba alizivua hedifoni. Aliiangalia kompyuta, akaiangalia kamera, ambayo Mkia hakuwahi kuizima. Kisha akaruka kutoka kwenye kile kiti kama amekalia moto.

"Ufunguo alikuwa nao! Alikuwa nao mfukoni! Saa tatu nzima nimelala kifudifudi na bisibisi, na ufunguo anao!"

Jirani alikuja mbio akidhani tumeingiliwa na mwizi. Alimkuta mzee wa miaka sitini na tatu ameshika mbavu, anacheka, anapiga meza kwa kofi, anacheka tena. Hatukuwa tumemsikia akicheka hivyo tangu ulipoondoka, na tulikuwa tumeanza kuzoea kutomsikia. Jirani naye akacheka kabla hajaambiwa sababu.

Kwa hiyo ndiyo habari yenyewe, Mama. Sinema yenu ipo. Mkia ameihariri kwa mkono wako, na kitinda mimba wako, yule asiye na subira, ametulia siku nne mfululizo akiandika majina ya mwishoni. Kwanza Baba anaapa kwamba ni yeye aliyeanza kuongea. Halafu wewe unaapa kwamba ni wewe. Miaka thelathini na moja kila mmoja alimsukumia mwenzake, na mlipokuwa kila mmoja peke yake, kila mmoja akampa mwenzake ushindi. Bado hampatani. Yupi mkweli hatujui na hatutajua, na tumeziweka zote mbili kama ulivyotufundisha. Sisi si mahakimu.

Leo mchana tunaiangalia sebuleni, watu wote, viti vimeazimwa, na meza imejaa ndimu. Baba ameshaiona jana, kwa siri yake anayodhani hatuijui. Mkia alisimama nyuma ya mlango akamsikia. Ilipofika pale unaposema "ni mimi," aliisimamisha, akakaa kidogo. Kisha akaiambia ile mashine, kwa upole, kama anayeomba umeme wa pasi:

"Tena."

Wanaokukumbuka: fundi wako wa kufuli, kaka mkubwa na mkewe, Mkia, ambaye sasa ndiye anayebeba kamera, na raba zako zimemtosha, kitinda mimba, wajukuu wako watatu, shoga yako mpambaji wa kumbi, na maharusi wako wote, wanaopatana na wasiopatana. Mungu akulaze pema, Mama. Tunakukumbuka leo, tutakukumbuka kesho, na tena, na tena.