Mafaili Arobaini na Moja

3 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Nakusalimu kwa rehema za Mungu. Sisi wazima, ila masikio ya mama ndiyo yale yale. Na wewe je, kile kifua cha baridi kimekuachia? Ugomvi wako na mama, yeye hautaji, nami simchokonoi.

Shida yangu ni hii kompyuta uliyotuachia. Imezeeka kuliko mama! Naiwasha, nachemsha chai, nainywa, narudi, bado inajizungusha. Watu wanaoniletea barua niwachapie wanaondoka wamenuna. Mpya siiwezi. Nifanyeje?

Dada yako

9 Machi

Dada, shikamoo.

Kifua kimepoa. Usinunue kitu. Ifungue ubavuni, toa vumbi kwenye feni kwa brashi kavu. Zima programu zinazojiwasha zenyewe. Halafu tafuta mafaili makubwa usiyoyatumia, yafute, na kapu la taka ulimwage.

Msalimie mama.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Vumbi lililotoka ningejazia mto! Ila nimekuta mafaili arobaini na moja ya sauti, mazito kama mawe. Nilijaribu kufungua moja, kompyuta ikaganda robo saa nzima. Ni yako?

Dada yako

16 Machi

Dada, hizo ni nyimbo zangu za zamani. Futa zote, usizionee huruma.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi. Yale mafaili niliyafuta yote, na kompyuta sasa inakimbia. Jumapili nimerudi ibadani, nikamkuta mama mbele yake, shali begani, anazungumza nayo. "Leo imenisikiliza upesi," akaniambia. "Huenda sasa atanijibu."

Kumbe Jumapili nyingine nikienda ibadani alikuwa anakusemesha wewe. Ulimfundisha: bonyeza kitufe chekundu, sema, hifadhi. Simu humkatia maneno, mashine haimharakishi. Akadhani akihifadhi, sauti yake inakufikia.

Nimeipeleka kwa fundi ayarudishe yale mafaili. Siku mbili kahangaika, kapata mikwaruzo ya sauti tu. Nimetubu, lakini moyo hautulii. Mama sijamwambia.

Dada yako

4 Aprili

Dada, shikamoo.

Kosa si lako. Nilimfundisha kusema, nikamwambia kutuma nitamwonyesha kesho. Kesho yake tukagombana, nikaondoka bila kumuaga. Miaka miwili nimejiambia kwamba mama ndiye aliyenyamaza.

Nakuomba, muulize kama alinipa radhi.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Nilimuuliza, tena kwa kupaza sauti. Akanishangaa: "Si umuulize mwenyewe? Anayo."

Panda gari uje, mdogo wangu, kabla sijalazimika kumweleza peke yangu.

Limebaki faili moja, la Jumapili ile. Nimekutumia. Kwanza anakuuliza kama unakula vizuri. Anasema bati la jikoni linavuja, na kwamba mimi siku hizi nakoroma. Halafu anasema, "Kuhusu yale yetu, mwanangu, nilishakwambia yote ile siku ya mvua kubwa. Mambo kama yale mtu hayasemi mara mbili."

Nilipolibonyeza lilifunguka papo hapo. Halikuganda hata kidogo.

Dada yako